Jinsi ya Kuchunguza Kama Tuta la Kale la Mazishi Liligeuzwa Mahali Patakatifu Enzi ya Warumi

Mwanafunzi wa historia au akiolojia hapa Nairobi anayepewa mada ya dini katika Dola ya Kirumi hukutana mapema na dai linalovutia, kwamba watu wa enzi hiyo, hasa Uingereza, Ufaransa ya magharibi na nchi za Wagiriki, walirudi kwenye matuta ya mazishi yaliyojengwa maelfu ya miaka kabla yao, wakayafanya mahali pa kutolea sadaka. Dai hilo ni la kweli katika baadhi ya maeneo, ni la kukisia katika mengi, na kuna mahali ambapo ni kosa la wazi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipima bila kupanda ndege, kwa kutumia ripoti za uchimbuzi zinazopatikana bure kwenye intaneti pamoja na maktaba chache za jiji hili. Kanuni inayouongoza ni moja: kitu cha Kirumi kilichookotwa kwenye tuta huthibitisha kwamba kuna mtu aliyefika hapo, lakini ibada huthibitishwa na mazoea, yaani vitendo vilivyorudiwa, vitu vilivyochaguliwa na nafasi iliyotengwa.

Hakikisha kwanza tuta ni la nani

Kabla ya kuuliza lilitumiwaje baadaye, uliza lilijengwa lini na kwa kazi gani. Warumi nao walijenga matuta juu ya maiti zao, na yale ya Bartlow, mashariki mwa Uingereza, ambayo kubwa lao linakaribia mita 15 kwenda juu, ni ya karne ya 1 na ya 2 BK. Ukikuta chupa za kioo na vyombo vya shaba vya Kirumi ndani ya tuta la namna hiyo, hujakuta matumizi mapya ya kitu cha kale hata kidogo. Umekuta kaburi la kawaida la tajiri wa wakati huo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila kilima cha kutengenezwa ni kaburi. Silbury Hill, karibu na Avebury, kilijengwa takriban mwaka 2400 KK, na wachimbaji wameingia ndani yake tangu mwaka 1776 hadi karne iliyopita bila kupata maiti yoyote. Hata hivyo, kwenye kitako chake, pembeni, kilikuwapo kijiji cha enzi ya Warumi, na barabara yao iliyotoka London kuelekea Bath ilipita ubavuni mwake. Walikiona kila siku, ila walichokifikiria juu yake ni swali jingine kabisa.

Mfano unaonifurahisha zaidi uko Uturuki, kwenye rasi ya Gallipoli. Wagiriki wa kale waliamini kwamba shujaa Protesilaos, wa kwanza kuuawa katika vita vya Troia, alizikwa karibu na mji wa Elaious, na ibada yake iliendelea kutajwa hadi katika maandishi ya karne ya 3 BK. Kilima ambacho kwa muda mrefu kimetajwa kuwa kaburi lake, Kara Agaç Tepe, kilichimbwa na Heinrich Schliemann mwaka 1882, naye akakuta kwamba ni mabaki ya makazi ya kabla ya historia yaliyorundikana tabaka juu ya tabaka, yenye vyungu vinavyofanana na vya Troia ya mwanzo kabisa. Ikiwa kweli kilima hicho ndicho kilichoheshimiwa, basi watu walimtolea sadaka shujaa juu ya jalala la kijiji. Kwa hiyo, katika daftari lako, tenga safu mbili tangu mwanzo: moja ya kile tunachokijua sisi kuhusu tuta, na nyingine ya kile waliokuwa wakilizuru walichodhani. Safu hizo zikichanganywa, insha nzima huharibika.

Kusanya ripoti, wala usiridhike na muhtasari

Ripoti za uchimbuzi wa Uingereza, zikiwamo nyingi ambazo hazikuwahi kuchapishwa kama vitabu, zimehifadhiwa katika Archaeology Data Service ya York, na mtu yeyote anaweza kuzipakua bila malipo. Faili nyingine ni nzito, zenye mamia ya kurasa na ramani. Mwenye kutegemea bando la simu afadhali azipakue kwenye maktaba ya chuo au kwenye saiba yenye mtandao wa uhakika, kisha azisome nyumbani. Kwa vitabu vya karatasi, maktaba ya British Institute in Eastern Africa iliyoko Kileleshwa na ile ya Makumbusho ya Kitaifa zina nguvu zaidi katika akiolojia ya Afrika Mashariki kuliko ya Ulaya, lakini vitabu vya mbinu za uchimbuzi utakavyovikuta hapo vitakufaa kwa kazi hii, kwa kuwa tabaka la udongo husomwa kwa namna ileile Turkana na Cambridgeshire.

Hifadhidata ya Portable Antiquities Scheme, iliyoanzishwa mwaka 1997 ili kuorodhesha vitu vinavyookotwa na wananchi wa Uingereza na Wales, ina sarafu nyingi sana za Kirumi, na ni rahisi kuipekua. Itumie kwa uangalifu. Mahali hasa palipookotwa kitu hufichwa ili kuwazuia wezi, na mtu wa kawaida huonyeshwa, kwa kawaida, mraba wa kilomita moja au eneo pana zaidi ya hapo. Mraba wa kilomita moja unaweza kuwa na tuta, shamba, barabara na nyumba tatu za Kirumi kwa pamoja. Hifadhidata hiyo itakuonyesha hali ya wilaya nzima. Haiwezi kukuambia kwamba sarafu fulani ilitoka juu ya tuta.

Unapoipata ripoti, ruka utangulizi na hitimisho kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye michoro ya matabaka na orodha ya vitu vilivyopatikana, uandike kila kitu cha Kirumi na tabaka lake, kisha ndipo urudi kusoma maoni ya mchimbaji. Ukianza na maoni yake, utaona kile alichotaka uone.

Soma tabaka kabla ya kusoma sarafu

Sarafu hutuambia jambo moja kwa hakika: tabaka iliyomo haliwezi kuwa limefungwa kabla ya sarafu hiyo kutengenezwa. Haituambii ilidondoka lini baada ya hapo. Mwaka 1699 Edward Lhwyd alipofika kwenye tuta kubwa la mazishi la Newgrange, Ireland, aliambiwa kwamba sarafu ya dhahabu ya Kaisari Valentinianus ilipatikana karibu na kilele cha tuta. Alifikiri vizuri kwa mtu wa zama zake: kama sarafu ya karne ya 4 ilikuwa juu, basi tuta lilikuwapo tayari, na wale Wadenmaki ambao wengi waliwasifia ujenzi huo walikuwa wamechelewa mno. Kuhusu umri halisi wa tuta, ambao leo tunajua ni wa takriban mwaka 3200 KK, sarafu ile haikuweza kumsaidia.

Vitu vingi vya Kirumi huingia kwenye mtaro unaolizunguka tuta bila nia yoyote. Wakulima wa enzi hiyo walitupa vigae vilivyovunjika kwenye mbolea, mbolea ikasambazwa mashambani, kisha jembe na mvua vikaviteremsha hadi mtaroni. Vigae vidogo vilivyochakaa kingo na kutawanyika katika udongo wa juu wa mtaro ni dalili ya shamba. Chombo kizima, au vipande vikubwa vinavyoungana, kilichowekwa ndani ya shimo lililochimbwa makusudi, ni habari tofauti.

Chunguza pia kama tuta lilivurugwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 waungwana wa Uingereza walifukua matuta kwa mamia kutafuta mikufu na vyungu. Richard Colt Hoare, aliyegharamia uchimbaji mwingi huko Wiltshire, angalau aliacha ndani vipande vya madini vyenye maandishi ili wa baadaye wajue kwamba alishafika. Wengine hawakuwa na adabu hiyo. Ukisoma kwamba kitu cha Kirumi kilitoka katikati ya tuta, hakikisha hakikuanguka ndani ya shimo la mwizi wa zamani au la bwana fulani wa mwaka 1850.

Mwisho, tenganisha akiba na sadaka. Sarafu zilizofichwa na mtu anayeogopa vita huwa zimewekwa pamoja, mara nyingi ndani ya chungu kimoja, na za mwisho wake hukomea kwenye miaka inayokaribiana. Sarafu zilizotolewa mojamoja na watu tofauti hutapakaa mahali na hutapakaa pia katika wakati. Hapa ndipo Newgrange inapostahili kuangaliwa kwa karibu. Sarafu za Kirumi zilizopatikana hapo huanzia zama za Kaisari Domitianus, mwishoni mwa karne ya 1, na kufika mwisho wa karne ya 4. Baadhi ni za dhahabu. Pamoja nazo kuna mapambo, yakiwamo yale ya dhahabu yaliyofukuliwa mwaka 1842 karibu na mlango wa tuta. Ireland haikuwahi kutawaliwa na Roma, kwa hiyo hizi hazikuwa chenji zilizoanguka kutoka mfukoni mwa askari aliyepita. Tena, mawe yaliyoporomoka kutoka juu yalikuwa yamekwisha kuufunika mlango, ambao haukufunguliwa tena hadi mwaka 1699, na hivyo waliofika na dhahabu waliiacha nje, mbele ya mawe makubwa. Thamani kubwa, upande uleule, vizazi kadhaa: hayo ndiyo mazoea ninayoyazungumzia.

Tafuta uchaguzi, mipaka na marudio

Ili ujue ibada isiyo na shaka inaonekanaje ardhini, soma kwanza ripoti ya mahali ambapo hakuna anayebisha. Hekalu la Mercurius, mungu wa Kirumi, huko Uley, Gloucestershire, lililochimbwa kati ya mwaka 1977 na 1979, linafaa sana. Lilikuwa na sanamu ya mungu huyo, ambayo kichwa chake kiko British Museum, na zaidi ya vibao 100 vya risasi, vingi vikiwa vimekunjwa, ambavyo waumini waliandika maombi wakimtaka awashughulikie walioiba nguo au mifugo yao. Mifupa ya wanyama ilikuwa na mbuzi na kuku wengi kuliko unavyotarajia katika kijiji cha kawaida, nao ndio wanyama wa Mercurius. Hapo kuna maandishi, kuna sanamu, na kuna mnyama aliyechaguliwa. Kipime kila kituo kingine kwa kipimo hicho, ukikumbuka kwamba vichache sana vitafika nusu yake.

Sasa nenda Haddenham, Cambridgeshire. Katika nchi ya mabwawa, watu wa enzi ya Warumi walijenga hekalu dogo juu ya tuta la Zama za Shaba, na mabaki ya kondoo waliochinjwa hapo yalifukiwa tena na tena kwa utaratibu. Jengo liko juu ya tuta lenyewe, wala si kando yake kwa bahati, na mnyama ni wa aina moja. Hiki ndicho kituo ambacho ningemshauri anayeanza akisome kwa ukamilifu, kwa sababu kilichimbwa kwa mbinu za kisasa na kila hoja yake inaweza kufuatiliwa hadi kwenye udongo.

Ufaransa, katika jimbo la Bretagne, tuta la mawe la Petit-Mont huko Arzon lilipewa sanamu ndogo za udongo za mungu wa kike na madhabahu katika enzi ya Warumi. Ukikuta kwenye madhabahu yoyote herufi VSLM, ujue ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana kwamba mwenye kuweka alitimiza nadhiri yake kwa hiari na kama ilivyostahili. Huo ni ushahidi wa ibada ambao hauhitaji kubembelezwa. Petit-Mont, kwa njia, lilitumiwa tena mara nyingine: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walijenga handaki la zege ndani yake. Hakuna anayelihesabu handaki hilo kuwa hekalu, na ni vyema kulikumbuka unaposhawishika kwamba kila anayerudi kwenye tuta la kale anafuata utakatifu.

Mazishi nayo usiyaite hekalu. Katika tuta refu la Hetty Pegler's Tump, karibu na Uley, kulikuwa na maiti iliyoingizwa enzi ya Warumi. Familia inaweza kumzika mtu wake mahali penye heshima, au mahali pa kumficha, au mahali ambapo udongo ni rahisi kuchimba. Yaandike kwa jina lake, mazishi ya baadaye, na uyaache hapo mpaka upate zaidi.

Hatua inayorukwa na wengi ni kuhesabu matuta yasiyo na kitu. Chagua wilaya moja, orodhesha matuta yote yaliyochimbwa vizuri, kisha uone ni mangapi yana vitu vya Kirumi na ni mangapi hayana. Tuta moja lenye sarafu kati ya mengi matupu huelekeza kwenye uchaguzi wa mahali hapo. Kama kila tuta na kila shamba vina sarafu chache, basi sarafu ni sehemu ya vumbi la nchi hiyo tu. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayotofautisha insha ya kukisia na uchunguzi.

Watumie waandishi wa kale bila kuwatawanya

Pausanias, msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2 BK, anasimulia kwamba katika nchi ya Daulis, Fokis, palikuwa na kaburi la shujaa mwanzilishi ambaye wenyeji hawakukubaliana hata jina lake. Kila siku walimletea mnyama, wakamimina damu kaburini kupitia tundu, na nyama wakaila papo hapo. Ni maelezo adimu ya namna ibada ya kaburi la kale ilivyofanywa katika zama za Warumi, na tundu hilo linakuambia kitu cha kutafuta katika michoro ya wachimbaji.

Huko Troia, Kaisari Caracalla alilipamba kaburi la Akile, shujaa wa Kigiriki wa vita vya Troia, kwa mashada ya maua mwaka 214, na mwaka 354 Julianus, kabla hajawa kaisari, alionyeshwa kaburi hilohilo na askofu Pegasius, akalikuta salama. Lakini mashujaa wa Homeros, mshairi aliyesimulia vita hivyo, ni wa Wagiriki na wa waliosoma vitabu vyao. Mkulima wa Cambridgeshire aliyemchinja kondoo juu ya tuta hakuacha neno hata moja kuhusu aliyemchinjia, na huna ruhusa ya kumkopesha Akile. Mwandishi wa Ugiriki atumike Ugiriki. Kwa Uingereza anaweza kukupa swali, asikupe jibu.

Usidai mwendelezo, na angalia vizuri unapolinganisha na nyumbani

Kishawishi kikubwa ni kusema kwamba imani ya wajenzi ilidumu mpaka Warumi walipoikuta. Hesabu miaka kwanza. Kati ya wajenzi wa Newgrange na mtu aliyeweka sarafu ya mwisho hapo ni zaidi ya miaka 3,500, wakati kati ya mtu huyo na sisi haijafika hata 1,700. Kudai mwendelezo kunahitaji ushahidi wa kila kipindi cha katikati, hasa Zama za Chuma zilizotangulia Warumi, na mara nyingi kipindi hicho ni kitupu. Andika kwamba watu walilitumia upya, walilipa maana waliyoijua wenyewe, na uishie hapo.

Msomaji wa Nairobi ana faida ambayo mwenzake wa London hana, kwa kuwa anaweza kuona karibu naye jinsi mahali pa kale panavyopata watumiaji wapya. Hyrax Hill, Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kuna makaburi ya wafugaji wa kale na, katika eneo lilelile, mabaki ya watu wa Zama za Chuma waliokuja baadaye sana. Ukitembea pale utaona jinsi vipindi viwili vinavyoweza kulala ubavu kwa ubavu kwa sababu tu mteremko ni mzuri, maji yalikuwa karibu na malisho yapo.

Kaya za Mijikenda, yaani misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, zinafundisha somo la upande wa pili. Heshima ya kaya imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya miiko: mti usikatwe, njia fulani isipitwe, mahali pa wazee pasiguswe. Mchimbaji atakayefika baada ya miaka 1,000 hataokota mwiko kwenye chekeche. Kwa hiyo tuta la Ulaya lisilo na sarafu wala mifupa huenda liliogopwa na kuheshimiwa kuliko lenye navyo, na neno la kutumia ni kwamba ushahidi haupo, si kwamba ibada haikuwapo. Hapo mlinganisho unakoma. Kusema kwamba Waingereza wa enzi ya Warumi waliwaza kama wazee wa Kilifi kungekuwa ni kuwaonea wote wawili.

Namna ya kuandika hitimisho

Tumia ngazi tatu za uhakika na uzitaje waziwazi. Haddenham inastahili neno «patakatifu». Newgrange inastahili «mahali pa kutolea sadaka», bila hekalu na bila jina la mungu. Kwa ngazi ya tatu chukua Mutlow Hill, Cambridgeshire, ambako Richard Neville alichimba mwaka 1852 akakuta msingi wa jengo la mviringo la Kirumi kando ya tuta la Zama za Shaba, pamoja na sarafu, pini za nguo na bangili. Vitu hivyo vinafanana na vya hekalu, umbo la jengo halipingi, na ukaribu na tuta hauwezi kupuuzwa. Lakini uchimbaji ni wa zamani na uhusiano wa tabaka moja na jingine haukuandikwa kwa kiwango tunachokihitaji leo. Sentensi inayofaa ingekuwa kama hii: «Jengo la Kirumi lililojengwa kando ya tuta la Mutlow Hill huenda lilikuwa hekalu dogo, kwa kuzingatia aina ya vitu vilivyoachwa hapo, ingawa kumbukumbu za mwaka 1852 haziruhusu kuthibitisha kwamba tuta lenyewe ndilo lililowavuta waliolijenga.» Msimamizi wako akikuuliza kwa nini umeandika «huenda», mfungulie ukurasa wa orodha ya vitu na mchoro wa matabaka, umwonyeshe pengo liko wapi.